Nilivaa soksi tatu na bado vidole viliganda Gilman's. Agosti narudi Kilimanjaro, begi nilipange vipi?

#1 MtotoWaTabata
Habari wakuu, niende moja kwa moja. Desemba iliyopita nilipanda Kilimanjaro na kundi letu la kazini, njia ya Marangu siku 5, lengo tuwe kilele cha Uhuru asubuhi ya tarehe 9, Siku ya Uhuru, kama wanavyofanya wengi siku ile. Mimi nimeishia Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, mita 5,685. Kutoka pale mpaka kileleni imebaki mita 210 tu ya kwenda juu lakini vidole vya miguu vilikuwa havipo kabisa, nakanyaga kama nina magogo, kiongozi akanimulika tochi usoni akaniuliza maswali mawili matatu akasema kaka wewe tunashuka. Nimelia pale pale na sioni aibu kusema.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye nilikuwa na nguo nyingi kuliko wote kwenye kundi. Usiku ule nilivaa soksi jozi tatu, skintaiti, truksuti mbili, suruali ya nje, fulana mbili, sweta, flizi na koti kubwa juu, boshori na glavu mbili mbili. Kuna dada wa uhasibu alivaa karibu nusu ya hivyo na akafika, ana picha na kibao. Begi langu getini Marangu lilisoma kilo 17 ikabidi nitoe vitu vingine nirudishe kwenye gari.

Agosti narudi, nimeshalipia. Nafikiria ninunue soksi nene zaidi na nitafute koti kubwa kuliko lile. Kabla sijamwaga hela nataka kujua shida ilikuwa nini hasa. Natanguliza shukrani.

#2 NgoshaKirumba
Pole mkuu. Ngoja waje wajuzi ila kwa ninavyojua Agosti hutapata shida, Desemba ndo mwezi wa theluji, hata Ulaya ni hivyo hivyo. Utapita kama unaenda Mbezi.

#3 ChambuaMemorial
Mleta mada swali moja tu. Buti ulivaa namba ngapi na mguu wako namba ngapi?

#4 MtotoWaTabata
43 na mguu wangu 43. Nililikodi Moshi. Lilikuwa linabana kidogo nikaona ndo vizuri, joto halitatoka.

#5 ChambuaMemorial
Basi nimeshapata jibu langu. Mguu 43, buti 43, halafu ndani umeshindilia jozi tatu za soksi. Ulikuwa umejifunga kamba mguuni mwenyewe. Damu ndo inapeleka joto kwenye kidole, soksi haina moto ndani yake, inazuia tu ule wa kwako usitoke. Ukibana mguu damu haifiki, sasa soksi inazuia kitu gani? Buti la mlimani lichukue likiwa limezidi namba moja, uvae soksi moja nyembamba na moja nene juu yake, basi, na vidole viweze kucheza mle ndani kama unapiga kinanda. Ukishindwa kuvichezesha ukiwa dukani ujue hata juu hutaweza.

Halafu usikimbilie duka la bei mbaya. Mimi nachambua mitumba Moshi mwaka wa 14 sasa, nimeanzia Memorial na Kiborloni, makoti wanayovaa watu wa theluji huko kwao yanashuka kwenye mabelo kila wiki. Kinachotakiwa ni jicho. Nitarudi usiku nieleze namna ya kuchagua, saa hizi nina mteja.

#6 Mwl_Fizikia
#2 ndugu yangu hapana. Sisi hatuko Ulaya. Kilimanjaro iko kusini kidogo mwa ikweta, miezi ya Juni mpaka Agosti ndo usiku wake mkali zaidi wa baridi, ila ni mikavu. Desemba inakuwa na mabaki ya mvua za vuli ndo maana unaona theluji nyingi, theluji kuwepo sio lazima baridi iwe kali kuliko mwezi mkavu. Kwa hiyo mleta mada ajue anarudi kwenye baridi kubwa kuliko ile iliyomrudisha.

Hesabu rahisi ya kuiweka kichwani wakati unafunga begi: kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu hivi. Moshi mjini iko kwenye mita 800 na kitu. Mpaka Uhuru 5,895 umepanda mita elfu tano, zidisha unapata nyuzi 32 na nusu. Kama usiku huo Moshi ni nyuzi 17 watu wanajifunika shuka, kule juu ni hasi 15, na hapo sijaweka upepo. Baridi iko palepale kila usiku kwa hiyo usipange begi kwa bahati.

#7 MtotoWaTabata
Mwalimu umenitisha lakini asante. Na #5 nimekuelewa ila nina swali, mbona buti lilibana toka siku ya kwanza na mpaka Horombo, kituo cha pili cha kulala, miguu ilikuwa fresh tu? Hata Kibo Hut, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, nilifika nalo bila shida. Imekuja kufa usiku ule ule wa mwisho.

#8 Mgumu_wa_Zamani
Nimesoma toka juu. Mimi nimebeba mlima miaka 11, wapagazi pale tunaitana wagumu, nimeacha nina duka langu sasa. Kijana niambie kitu kimoja, zile nguo zote ulizoorodhesha ulizivaa ukiwa wapi? Ndani ya kibanda pale Kibo kabla ya kutoka, au ulivaa njiani?

#9 MtotoWaTabata
Ndani. Saa tano na nusu usiku tuliamshwa na chai na biskuti nikavaa kila kitu, nikatoka saa sita.

#10 Mgumu_wa_Zamani
Ndo hapo. Hilo nimeliona mara mia. Mteja akitoka Kibo kavaa duka zima sisi tunajua huyu kwenye pango la Hans Meyer atatetemeka. Kwa nini, kutoka kibandani mpaka pangoni ni mchanga na kokoto, unapanda hatua moja unarudi nusu, mwili unafanya kazi kama unalima. Na makoti yale yote unatoka jasho bila kujua maana uso uko kwenye baridi. Ukifika pangoni mnakaa mnapumzika, jasho linapoa, sasa umevaa nguo mbichi. Kutoka hapo ni kuganda tu mpaka Gilman's.

Ulikaa pangoni?

Dawa yake ni hii: toka nje ukiwa unasikia baridi kidogo, sio ya kutetemeka, ile ya kukufanya utake kutembea. Koti kubwa liwe juu kabisa kwenye begi la mgongoni, mkisimama tu unalitupia, mkianza kutembea unalivua. Ni usumbufu, watu wanaona uvivu kuvua glavu na kufungua begi gizani, ndo wanabaki nalo.

#11 MtotoWaTabata
Tulikaa pangoni kama dakika ishirini, kuna mwenzetu alikuwa anatapika. Na kweli mgongo ulikuwa umelowa mzee wangu, nikadhani ni umande.

#12 ChambuaMemorial
Mgumu heshima yako mzee. Mimi bado nasema buti. Mgongo kulowa na vidole vya mguu kufa ni vitu viwili.

#13 Mgumu_wa_Zamani
Na mguu hautoki jasho? Soksi zilikuwa za kitambaa gani?

#14 MtotoWaTabata
Mbili za pamba zile za ofisini, moja nene ya kuchezea mpira.

#15 Bint_Pangani_Tromsø
Jamani PAMBA. Niko Norwe kaskazini mwaka wa sita, mimi mtoto wa Pangani ambaye nilikuwa sijui hata sweta. Jambo la kwanza nililofundishwa kazini ni usivae pamba karibu na ngozi. Pamba inakunywa jasho inabaki nalo, inakupoza mpaka kesho. Vaa sufu, ile laini isiyowasha, au poliesta ile ya michezo. Sufu hata ikilowa bado inakupa joto kiasi.

Watu hapa wanavaa hivi: la ndani kabisa sufu au poliesta ya kubana, la kati la kutunza joto kama flizi, la nje la kuzuia upepo na maji. Vitatu hivyo vinashinda vyako tisa mleta mada, maana wewe ulivaa fulana mbili za pamba, truksuti mbili za pamba, zote zinafanya kazi moja na zote zimelowa. Na viatu hapa watu wananunua vikubwa makusudi ili hewa ikae, kwa hiyo na wa buti naye ana haki yake.

#16 Wa_Nanyuki
Wadau wa Bongo mambo. Mimi hupanda Mlima Kenya karibu kila mwaka na marafiki, sana sana njia ya Sirimon, tunalala kambi ya Old Moses halafu Shipton's, saa nane usiku tunaanza kuelekea kilele cha Lenana. Ni mita 4,985 najua mtanicheka lakini baridi ya Shipton's haina mchezo. Huyu jamaa hakuna mtu amemuuliza alikula nini. Chai na biskuti mbili! Buda, hiyo ni mafuta ya kutoka Shipton's hadi choo. Mwili hauna kuni utatoa joto wapi? Mimi hubeba njugu, tende na chokoleti kwenye mfuko wa koti, sio ndani ya begi, kwa sababu usiku huo hutafungua begi. Kila tukisimama natia kitu mdomoni hata kama sitaki, na huko juu hutaki chochote.

Pia Kilimanjaro ni nzuri, tunaiona vizuri sana kutoka kwetu Amboseli 😀

#17 ChambuaMemorial
Endeleeni kupiga picha jirani, kupanda mje huku 😀 Ila la tende umesema kweli.

#18 NesiWaZamuUsiku
Naomba niongeze kwa upande wangu, mimi ni nesi. Mleta mada ulimeza Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko? Maana nimesoma "vidole havipo" na nataka kujua ilikuwa ganzi ya namna gani, ya kuchomachoma kama sindano au ya kufa kabisa. Diamox inaleta kuchomachoma kwenye vidole vya mikono na miguu, wengine mpaka midomo, na inakukojoza sana. Mtu asiyejua anaweza kudhani anaganda. Na ukikojoa sana bila kurudisha maji damu inakuwa nzito, hiyo nayo haisaidii.

#19 MtotoWaTabata
Nilimeza toka Mandara, kituo cha kwanza. Mikono ilikuwa inachomachoma siku ya pili na ya tatu, hata vidole vya miguu kidogo. Ila usiku ule ilikuwa tofauti, hakuna kuchoma, hakuna kitu kabisa. Tuliposhuka Horombo vikaanza kuuma sana na kuvimba kidogo, ukucha mmoja ukawa mweusi ukatoka baadaye.

#20 NesiWaZamuUsiku
Kuuma vikirudi na kuvimba hiyo ni baridi kweli ilikupata, shukuru haikufika kwenye malengelenge na nyama kufa. Ukucha mweusi usiuhesabu sana, mara nyingi huo ni wa kushuka, kidole kinagonga mbele ya buti masaa mengi. Kata kucha fupi siku mbili kabla ya safari na ukianza kushuka kaza kamba za buti juu ya kifundo.

Na wengine wote mnaosoma, mguu uliokufa ganzi usiusugue, usiupake theluji, usiuweke karibu na jiko maana utaungua bila kusikia. Uweke kwenye ngozi ya mtu, kwapani au tumboni kwa mwenzako, ndani ya nguo. Na Diamox muulize daktari kwanza hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

#21 Mwl_Fizikia
Mnaongea vizuri wote lakini kuna kitu kikubwa mmekiacha. Juu kule hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya Dar. Mwili ukikosa hewa na ukapigwa baridi unaanza kuchagua, unalinda kichwa na kifua, wa mbali, yaani vidole, wanakatiwa damu. Ndo jibu la swali lake la #7, buti lilikuwa lile lile Horombo kwenye 3,720 na halikumdhuru kwa sababu damu ilikuwa inafika. Kapanda siku 5 badala ya 6, hajalala siku ya ziada Horombo kuzoea, mwili haukuwa tayari. Hata angevaa nini.

#22 ChambuaMemorial
Mwalimu mbona dada wa uhasibu alipanda siku hizo hizo 5, hewa hiyo hiyo, akafika?

#23 Mwl_Fizikia
Watu hawafanani. Kuna mtu anazoea haraka na kuna mtu hazoei.

#24 ChambuaMemorial
Hilo ni jibu la kila kitu mwalimu.

#25 MtotoWaTabata
Nimempigia yule dada leo mchana. Buti lake lilikuwa la kukodi pia, kubwa mpaka alikuwa analalamika linapwaya. Soksi mbili. Alitoka kibandani na flizi tu na koti la upepo. Lakini pia anasema alikula uji bakuli zima ule usiku na hakumeza Diamox. Kwa hiyo kila mtu humu bado yuko sawa 😅

Cha kuongeza, mama yangu naye miguu yake huwa ya baridi hata Dar kwenye kipupwe, akilala anavaa soksi. Inawezekana ni damu ya nyumbani?

#26 NesiWaZamuUsiku
Inawezekana, wapo watu mishipa yao inajibana haraka kwenye baridi na huwa inakwenda kifamilia. Mwambie daktari kabla hujaenda.

#27 ChambuaMemorial
Nimerudi kama nilivyoahidi, mitumba. Koti la manyoya, lile lililojazwa manyoya ya ndege ndani, lishike begani ulitikise, manyoya yakidondokea chini yote yakajikusanya pindoni achana nalo, limechoka. Likunje ulibane mkononi halafu uachie, lisipojaa tena haraka limekufa. Koti la mvua lipake tone la maji kifuani, tone likikaa kama shanga ni zima, likinywewa ni koti la kawaida tu. Geuza ndani uangalie zile tepu za kwenye mishono, zikiwa zinabanduka maji yatapita hapo. Soma leba ya ndani, hapo ndo utajua sufu ni asilimia ngapi, usidanganywe na unene.

Buti ndo la kuogopa. Buti la mtumba linaweza kuwa zuri juu, ngozi safi, kumbe soli imezeeka ndani. Ile povu ya kati ya soli inakufa kwa miaka hata kama buti halijavaliwa, siku ukilipa kazi linamwagika kama mkate mkavu. Likunje kwa nguvu, chungulia kama kuna nyufa ndogo ubavuni. Nina mteja soli zote mbili zilimtoka siku moja, asubuhi ya kushoto na mchana ya kulia, akafika Horombo kafunga kamba za katani. Likikupendeza lipeleke kwa fundi alishone soli kuzunguka kabla ya safari, usisubiri. Na uvae walau wiki tatu mtaani, pandisha nalo ngazi, nenda nalo kazini.

#28 MamaWawili_Arusha
Mimi niwaambie la kwangu la njia ya Machame, halihusu vidole lakini linahusu begi. Siku ya kwanza pale msituni jua linawaka nikaweka koti la mvua kwenye begi kubwa la mgumu nikabaki na begi dogo lina maji na simu. Saa nane mvua imeshuka kama ndoo, mgumu wangu yuko mbele masaa mawili ameshafika kambini na koti langu. Nimelowa mpaka ndani, buti limejaa maji na halikukauka mpaka kambi ya Barranco.

Watu hawaelewi kuwa lile begi kubwa mkiachana nalo asubuhi ndo mpaka jioni. Kwa hiyo nikipanga sasa siulizi hiki ni cha nini, nauliza hiki nitakihitaji saa ngapi. Cha mchana kinakaa mgongoni kwangu: koti la mvua, flizi moja, glavu, maji, karanga, mafuta ya jua, dawa. Cha usiku kwa mgumu. Nguo za usiku wa kilele nazifunga peke yake sizigusi toka nyumbani, ziwe kavu, hata kama siku nyingine nasikia baridi siziazimi.

Na kila kitu kwenye begi kubwa ukifunge kisilowe. Mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku toka Juni 2019 kwa hiyo msije nayo. Mimi nilishonesha vifuko vya turubai jepesi, wengine wananunua ile mifuko ya kukunja mdomo. Wagumu wanavisha begi zima kwenye kiroba cha salfeti, inasaidia ila isiwe ndo kinga pekee.

#29 NgoshaKirumba
Nimerekebishwa kuhusu Desemba nakubali. Sasa maji je? Nimesikia yanaganda.

#30 Wa_Nanyuki
Yanaganda. Ile mirija ya kunyonya kutoka begini ndo ya kwanza kuziba. Ukimaliza kunywa puliza maji yarudi ndani. Ama tumia chupa ngumu, uiweke kichwa chini miguu juu, barafu huanzia juu kwa hiyo mdomo unabaki wazi. Na chupa ya chai ndogo ya moto, hiyo usiache.

#31 Bint_Pangani_Tromsø
Na usiku kabla ya kulala omba maji ya moto jikoni, jaza chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi utakayovaa kesho, iweke miguuni ndani ya slipingibegi. Unalala na joto, soksi inakauka, asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayajaganda. Simu, betri za tochi ya kichwani na pawabenki lala nazo humo humo, baridi inazimaliza.

#32 MamaWawili_Arusha
Hilo la chupa nimelipenda. Na jamani mafuta ya jua na miwani! Watu weusi tunajidanganya. Mimi pua ilibanduka na midomo ikapasuka nikashindwa kula pilipili wiki mbili. Theluji inarudisha jua kutoka chini, linakuchoma mpaka chini ya kidevu.

#33 Mgumu_wa_Zamani
Naomba niseme kitu ambacho hakijasemwa. Mnaongea begi, begi, mimi nilikuwa chini ya lile begi.

Kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20 na unapimwa getini, kampuni nyingi zinamwambia mteja asizidishe 15 ili kibaki cha vitu vya kambi. Kijana alisema lilisoma 17 akatoa vitu, alifanya vizuri. Wapo waliokuwa wanatoa getini halafu wanarudisha njiani, sisi tunaona tunanyamaza maana ukisema hupati safari ijayo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda na raba zimetoboka na blanketi moja, kampuni iliyonichukua haikuniuliza una nini. Begi nililobeba lilikuwa na makoti manne ya mtu mmoja. Nililala kambi ya Barafu nimejikunja na wenzangu wanne kwenye hema la kulia chakula tukisubiri wateja wamalize kula ndo tuingie. Nayajua makoti manne yale kwa uzito wake, mwenyewe alivaa mawili. Siku hizi mambo yamebadilika sehemu nyingi, kuna watu wanafuatilia wagumu wanalalaje na wanalipwaje, kabla hujalipa kampuni uliza hayo na uangalie wanavyokujibu. Ukimaliza ukitaka kuacha nguo usiache lile lililochanika, acha lile ambalo wewe mwenyewe ungelivaa tena, na umpe mtu mkononi kwake.

Kila unapotaka kuongeza sweta la "pengine", jua kuna shingo inayolibeba lile pengine.

#34 MtotoWaTabata
Mzee nimesoma mara mbili. Aliyenibebea mimi alikuwa kijana mdogo kuliko mimi na alikuwa ananiita bosi. Sikuwahi kumuuliza anavaa nini usiku. Agosti nitauliza.

#35 ChambuaMemorial
Mzee Mgumu pita dukani kwangu kuna buti 42 nzima kabisa, naijua soli yake, mpe kijana yeyote anayeanza.

#36 MtotoWaTabata
Wakuu wiki tatu baadaye, mrejesho. Nimebadilisha kuwa siku 6 ili nilale Horombo mara mbili na kupanda mpaka miamba ya Pundamilia kisha kurudi kulala chini. Buti nimepata 44, nalivaa kazini wananishangaa. Soksi za sufu nene jozi mbili na nyembamba tatu. Ya ndani ya sufu juu na chini, flizi moja, koti la manyoya moja lililofaulu mtihani wa #27, koti la mvua na suruali yake. Glavu nyembamba na juu yake zile za vidole kukaa pamoja. Fimbo mbili, tochi ya kichwani na betri za ziada. Daktari kanipima, Diamox kasema tutaona, ananijaribishia kwanza nikiwa Dar nijue inanifanyaje. Nimepima begi kubwa kwenye mizani ya muuza mkaa, kilo 11 na nusu. Slipingibegi nitakodi Moshi.

Kitu kimoja tu sijaamua. Mama kanipa kanga yake, anasema asipande mtoto wangu mlima bila kitu cha nyumbani. Ni nzito kidogo na nafasi nimeibana sana.

#37 MamaWawili_Arusha
Beba! Kanga mimi nilijifunga nikibadilisha nguo kambini, nikafanya mto, nikajifutia.

#38 Bint_Pangani_Tromsø
Beba lakini kumbuka ni pamba, isiwe shingoni usiku wa kilele.

#39 Mgumu_wa_Zamani
Pale Saddle, uwanda ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, upepo unavuma vumbi masaa yote, watu wanakohoa usiku mzima kabla ya kilele, na anayekohoa halali na asiyelala hafiki. Kanga ifunge mdomoni na puani mchana ule. Wewe Desemba ulifunga nini mdomoni?

#40 MtotoWaTabata
Sikufunga kitu mzee. Na kweli nilikohoa usiku mzima pale Kibo, sikulala hata dakika kumi.

#41 Mwl_Fizikia
Kwa hiyo tuna sababu ya nane sasa.

#42 ChambuaMemorial
Buti.